Waliotoa Maisha Yao kwa Wagonjwa Wasiohesabiwa

Kila siku maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam hupita Kariakoo kununua vitunguu, vitambaa, sufuria na viatu vya watoto. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya msiba mkubwa. Limetokana na Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndimi za wenyeji ziliyageuza maneno hayo yakawa Kariakoo, kama zilivyofanya pia huko Nairobi, ambako mtaa wa Kariokor unatunza kumbukumbu ile ile.

Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliochukuliwa, wengi wao kwa nguvu, walibebee jeshi la Waingereza chakula, risasi na mahema katika nchi isiyokuwa na barabara. Inakisiwa kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika ya Mashariki. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mzungu alipoanguka vitani jina lake liliandikwa na kaburi lake likajengewa. Mpagazi alipoanguka njiani, mara nyingi hata mahali alipofukiwa hapakutiwa alama.

Miongoni mwa watu wachache waliojitahidi kuwajua wapagazi hao mmoja mmoja, kwa jina na kwa kijiji alikotoka kila mmoja, alikuwa mwanamke mmoja wa Kiitalia mwenye umri wa miaka ishirini na kitu. Huyo ni Sista Irene Stefani. Makala hii inamhusu yeye na wanawake wenzake wa Kikatoliki, wa kigeni na wa Kiafrika, waliokubali kuacha ndoa, mali na mara nyingine nchi yao wenyewe, ili wawahudumie watu ambao wengine hawakuwa na nafasi ya kuwahesabu.

SISTA WA WAPAGAZI

Irene Stefani alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akapewa jina la Aurelia Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na Masista wa Konsolata, shirika changa lililokuwa limeanzishwa Torino mwaka mmoja tu kabla yake na padre Giuseppe Allamano. Mwanzoni mwa mwaka 1915 aliwasili Kenya akitazamia kufundisha na kuuguza katika vijiji vya Wakikuyu. Lakini vita vilikuwa vimekwisha kuwaka. Wamisionari wa Konsolata waliombwa wasaidie katika hospitali za wapagazi, na Sista Irene alikuwa mmoja wa waliokwenda. Alianzia Voi, kisha majeshi yalipoingia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani akahamia pwani yetu: Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam.

Hospitali hizo zilikuwa hospitali kwa jina tu. Aghalabu zilikuwa mabanda marefu ya miti na makuti, wagonjwa wamelazwa bega kwa bega, dawa haba na harufu nzito. Kazi ya sista ilikuwa kuosha vidonda, kuwalisha kwa kijiko walioshindwa kuinua mikono, kusafisha uchafu wa waliokuwa wakihara na kuwafumba macho waliokata roho. Masimulizi yanayotunzwa na shirika lake yanaeleza kwamba siku moja alikikuta kitanda cha mgonjwa wake mmoja kiko kitupu. Alipouliza, aliambiwa kwamba mtu huyo amekufa na amekwisha kupelekwa pamoja na maiti wengine. Hakuridhika. Alikwenda akamtafuta kati ya miili iliyokuwa ikingoja kuzikwa, akamkuta angali anapumua, akarudishwa wodini.

Vita vilipokwisha alirudi Kenya. Tangu mwaka 1920 hadi kufa kwake aliishi katika misheni ya Gikondi, karibu na Nyeri. Huko alifundisha shule, alitembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima akiwatazama wagonjwa, na jioni aliwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Msomaji wa leo mwenye simu mfukoni hawezi kukadiria kwa urahisi faraja ya barua moja kwa mama ambaye hajapata habari za mwanawe kwa miaka miwili. Wakikuyu walimpa jina la Nyaatha, yaani mama wa huruma.

Mwezi Oktoba 1930 tauni iliingia katika vijiji vya Gikondi. Sista Irene alimwuguza mwalimu mmoja aliyekuwa ameshikwa na maradhi hayo hadi alipofariki. Yeye mwenyewe akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na umri wa miaka 39. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika Nyeri katika ibada ya kumtangaza mwenyeheri.

NADHIRI TATU

Pengine yafaa kueleza maisha ya wanawake hawa kwa faida ya msomaji asiyeyafahamu. Sista wa Kikatoliki huweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Kwa nadhiri ya ufukara hana mshahara wake mwenyewe. Anacholipwa kwa kazi yake huingia katika mfuko wa shirika. Kwa useja hana mume wala watoto. Kwa utii hukubali kutumwa mahali popote, hata kama mahali hapo asingepachagua mwenyewe.

Kwa jamii zetu, ambazo huupima utajiri wa mwanamke kwa watoto wake, chaguo hilo la useja lilikuwa gumu kueleweka. Wazazi wengi wa Kiafrika waliwapinga binti zao waliotaka kuingia utawani. Nani atatuzalia wajukuu? Nani atatutunza uzeeni? Haya hayakuwa maswali ya kijinga. Mwenye kujitoa hujitoa pamoja na sehemu ya jamaa zake, na gharama hiyo hulipwa nyumbani kwanza.

Wapo pia waliofanya kazi hiyo bila kuwa masista. Tutamwona mmoja wao baadaye.

KANUNI ILIYOWAZUIA WAKUNGA

Watu wengi hudhani kwamba masista walianza kuendesha hospitali za uzazi tangu siku waliyoshuka melini. Sivyo ilivyokuwa. Kwa muda mrefu kanuni za Kanisa lenyewe ziliwazuia watawa wenye nadhiri kufanya kazi kamili ya udaktari, upasuaji na ukunga. Ilidhaniwa kwamba kazi hizo, hasa ya kuzalisha, haziambatani na heshima ya mtawa. Kwa hiyo sista aliweza kumfunga kidonda mtu yeyote, lakini mama alipopatwa na uchungu wa kuzaa ilimbidi asimame kando.

Kanuni hiyo ilipingwa na wanawake walioyaona matokeo yake kwa macho yao. Nchini Uganda alikuwako Teresa Kearney, Mwairishi aliyejulikana kwa jina la utawa la Mama Kevin. Alifika Nsambya, Kampala, mwezi Januari 1903 pamoja na masista wenzake watano, na zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Aliona akina mama na vichanga wakifa kwa mambo ambayo mkunga aliyefundishwa angeweza kuyazuia. Mwaka 1921 yeye na daktari Evelyn Connolly walianzisha mafunzo ya kuwafundisha wasichana wa Uganda uuguzi na ukunga. Kama mtawa wa kigeni alizuiwa kuzalisha, basi binti wa nchi angefundishwa azalishe.

Katika Bara Hindi alikuwako Anna Dengel, daktari kutoka Austria. Mwaka 1920 alikwenda Rawalpindi, mji ambao leo uko Pakistan. Wanawake wengi wa huko, kwa desturi yao, hawakuwa radhi kutazamwa na daktari mwanamume, na waliweza kufa mlangoni pa hospitali kuliko kuingia. Dengel aliona kwamba jawabu ni madaktari wanawake, wengi, wakaao papo hapo. Mwaka 1925 alianzisha huko Washington, Marekani, shirika la masista waganga. Kwa sababu ya kanuni ile, hawakuruhusiwa kuweka nadhiri za hadhara kama watawa wengine. Walifanya kazi, wakangoja, na kuendelea kuomba.

Tarehe 11 Februari 1936 Roma iliibadilisha kanuni hiyo. Watawa wanawake waliruhusiwa, na hata kuhimizwa, kujifunza udaktari na ukunga ili waokoe maisha ya akina mama na watoto katika nchi za misioni. Mwaka uliofuata Mwairishi mwingine, Marie Martin, aliyekuwa amewauguza majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza, alianzisha nchini Nigeria shirika la Wamisionari Waganga wa Maria. Masista wake walifika Tanganyika mwaka 1947, na majina ya hospitali walizozihudumia, kama vile Dareda na Makiungu, yanajulikana sana na wananchi wa Manyara na Singida.

Habari hii ya kanuni ina fundisho lake. Huruma peke yake haikutosha. Ilihitajika pia elimu, na ilihitajika ujasiri wa kuwaambia wakubwa kwamba amri yao inaua. Wanawake hawa hawakuliasi Kanisa lao, lakini pia hawakunyamaza.

WAJIR: DAWA YA MIEZI SITA

Sasa tumwangalie yule asiyekuwa sista. Annalena Tonelli alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Forlì, Italia. Alisomea sheria, na tangu ujana wake alitumia muda wake kuwasaidia maskini wa mji wake mwenyewe. Mwaka 1969 alikuja Kenya kama mwalimu, na baada ya muda akafika Wajir, katika nyika kavu ya kaskazini mashariki, kwenye jamii ya Wasomali wafugaji wa ngamia. Hakuweka nadhiri katika shirika lolote, wala hakutumwa na serikali au chama cha misaada. Aliishi kwa namna ya kimaskini, hakuwa na mali ya kumilikiwa, na hakuolewa.

Aliowakuta Wajir katika hali mbaya kuliko wote ni wagonjwa wa kifua kikuu. Maradhi haya huenea kwa hewa anayokohoa mgonjwa, na katika siku hizo yaliambatana na fedheha kubwa. Mgonjwa aliweza kutengwa na watu wake na kuachwa. Dawa zilikuwapo, lakini ilibidi zitumiwe kwa mwaka mzima au zaidi. Mfugaji wa kuhamahama angewezaje kufanya hivyo? Mvua ikinyesha upande mwingine, ngamia huondoka na jamaa yote huondoka nao. Mgonjwa akipata nafuu kidogo huacha dawa na kufuata mifugo. Hapo ndipo hatari huzidi, kwa kuwa vijidudu vilivyosalia mwilini huweza kuwa sugu, na mgonjwa akirudi dawa ile ile haimsaidii tena.

Madaktari wengi walikwisha kukata shauri kwamba wahamaji hawatibiki. Tonelli hakukubaliana nao. Mwaka 1976 ulianza Wajir mpango wa majaribio ambao ulikuja kujulikana na Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa walialikwa kujenga vibanda vyao wenyewe, kwa mtindo wao wa kienyeji, karibu na kituo cha matibabu. Kijiji hicho cha wagonjwa kiliitwa manyatta. Kila siku mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya mhudumu, na kwa kutumia dawa mpya zenye nguvu zaidi muda wa matibabu ulipunguzwa hadi miezi sita. Hakulazwa wodini kama mfungwa. Alikaa na watu wake, akasali sala zake za Kiislamu, akajifunza kusoma kama alipenda, na alipopona akarudi kwa ngamia wake.

Jambo hilo huonekana dogo, lakini lilikuwa na uzito. Utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akitazamwa na mtu anayemwamini, kwa kipindi kifupi kinachojulikana mwisho wake, ndio uliokuja kuwa msingi wa tiba ya kifua kikuu duniani, na kazi ya Wajir ilikuwa miongoni mwa zile zilizoonyesha kwamba unawezekana hata jangwani.

Mwezi Februari 1984 msiba mwingine uliifika Wajir. Vikosi vya usalama vya Kenya viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa au wakafa kwa mateso, njaa na kiu. Serikali ya wakati huo ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilieleza kwamba huenda waliokufa walikaribia elfu moja. Tonelli alikwenda kuwatafuta majeruhi na kuwaokota wafu, akasaidia habari hizo zijulikane nje. Baada ya hapo hakuruhusiwa kuendelea kuishi Kenya.

Alihamia Somalia yenyewe, na hata dola ilipoporomoka mwaka 1991 hakuondoka moja kwa moja. Tangu mwaka 1996 aliishi Borama, kaskazini magharibi, akajenga hospitali ya kifua kikuu. Kando yake ikazaliwa shule ya watoto viziwi, na alishiriki katika juhudi za kuwashawishi wazazi waache kuwakeketa binti zao. Si wote waliompenda. Wapo waliochukia kuletewa wagonjwa wa kifua kikuu na wa UKIMWI katika mji wao, na wapo waliomshuku kwa dini yake. Mwezi Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimpa Tuzo ya Nansen. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi kichwani katika eneo la hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60.

SHULE YA WAUGUZI MOGADISHU

Miaka mitatu baadaye sista mwingine aliuawa katika nchi hiyo hiyo. Leonella Sgorbati, Mwitalia wa shirika lile lile la Sista Irene, alikuja Kenya mwaka 1970 akiwa muuguzi na mkunga. Alifanya kazi Nyeri na Kiambu, na inasemekana aliwapokea kwa mikono yake watoto zaidi ya 4,000. Msomaji akumbuke ile kanuni iliyofutwa mwaka 1936. Kama isingalifutwa, sista huyu asingalimpokea hata mtoto mmoja. Baadaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wauguzi katika hospitali ya Nkubu, Meru.

Mwaka 2002 alishiriki kuanzisha shule ya wauguzi mjini Mogadishu, katika hospitali ya kijiji cha watoto cha SOS. Hapakuwa na wizara ya afya yenye nguvu, hapakuwa na chuo kikuu kinachofanya kazi kama kawaida, na vijana wengi hawakujua kazi nyingine isipokuwa bunduki. Shule hiyo iliwapa kazi nyingine. Mwaka 2006 wahitimu wa kwanza 34 walipata stashahada zao.

Tarehe 17 Septemba 2006, baada ya kufundisha, Sista Leonella alitoka hospitali kuvuka barabara kwenda nyumbani kwake. Watu wenye silaha walimpiga risasi. Mlinzi wake, Mohamed Mahamud, Mwislamu na baba wa watoto wanne, aliuawa pamoja naye. Wenzake walioshuhudia saa yake ya mwisho wanasimulia kwamba alitamka mara tatu neno la kusamehe, kisha akakata roho. Mwezi Mei 2018 alitangazwa mwenyeheri mjini Piacenza.

Ni haki kwamba jina la Mohamed Mahamud litajwe kila linapotajwa jina la sista huyo. Kitabu chake na kitabu cha yule aliyekuwa akimlinda havikuwa kimoja, lakini damu yao ilimwagika katika barabara moja. Wala tusisahau kwamba wagonjwa wa Tonelli na wanafunzi wa Leonella walikuwa karibu wote Waislamu, na ndio waliowalilia.

BINTI ZA NYUMBANI

Hadi hapa tumesema zaidi juu ya waliotoka Ulaya. Ni kweli pia kwamba walikuja katika msafara mmoja na ukoloni. Sista Irene alivuka mipaka nyuma ya majeshi ya wakoloni, na hospitali alizofanya kazi zilikuwapo kwa sababu wakoloni hao hao waliwaswaga Waafrika kama punda. Misheni ilileta dawa na ilileta dini, na haikuyatenganisha sana mambo hayo mawili. Si busara kulificha hilo. Lakini njia nzuri ya kuwapima wageni hao ni kuuliza: je, walipoondoka, kazi ilibaki mikononi mwa nani?

Jibu limo katika mashirika ya masista wa Kiafrika. Huko Uganda, Mama Kevin alianzisha mwaka 1923 huko Nkokonjeru shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane. Nchini Tanzania nako mashirika ya masista wazalendo yamekuwapo kwa miongo mingi, na wao ndio msomaji atakaowakuta leo katika zahanati, shule za chekechea na nyumba za yatima. Mgeni amekwenda zake au amezikwa. Aliye zamu usiku ni binti wa Songea, wa Bukoba au wa Meru.

Mfano mmoja unaojulikana sana ni wa Sista Rosemary Nyirumbe wa Uganda, wa shirika la Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mwaka 2001 alichukua uongozi wa shule ya ushonaji ya Mtakatifu Monika mjini Gulu, wakati vita vya waasi wa LRA vilipokuwa vikiendelea. Waasi hao waliteka makumi ya maelfu ya watoto. Wavulana walifanywa askari, wasichana wakafanywa wake wa makamanda. Waliofanikiwa kutoroka walirudi wakiwa na watoto migongoni, na jamii zao, hata jamaa zao wenyewe, ziliwaogopa. Ilisemekana wana damu mikononi. Sista Rosemary alitangaza redioni kwamba shule yake inawapokea wasichana hao pamoja na watoto wao. Alifungua malezi ya watoto palepale shuleni, ili mama ashone huku mtoto akilelewa hatua chache tu kutoka alipo. Wasichana walijifunza kushona, kupika, na hata kutengeneza mikoba ya kuuza kutokana na vile vishikio vidogo vya kufungulia makopo ya soda.

Waasi hao hao walipovuka mpaka na kuingia kaskazini mashariki mwa Kongo, walimkuta huko sista mwingine. Sista Angélique Namaika aliishi Dungu, na mwaka 2009 yeye mwenyewe alilazimika kukimbia. Kwa hiyo alipozungumza na wanawake waliokimbia au waliotoroka utekwani, hakuwa akisoma habari zao kitabuni. Akitumia baiskeli katika njia za vumbi na matope, aliwatembelea mmoja mmoja, akawafundisha kushona, kuoka mikate, kulima, na kusoma na kuandika Kilingala. Zaidi ya wanawake na wasichana 2,000 walikuwa wamepata msaada wake ilipofika mwaka 2013, alipopewa Tuzo ya Nansen, ile ile aliyoipata Tonelli miaka kumi kabla. Sehemu ya fedha za tuzo ilikwenda kwenye kiwanda kidogo cha mikate cha wanawake hao.

KAZI ILIYOBAKI

Ukiyaweka maisha ya wanawake hawa pamoja, utaona kwamba wanafanana katika jambo moja zaidi ya imani yao. Kila mmoja alianza na mtu ambaye wengine walikwisha kumwondoa katika hesabu: mpagazi aliyepelekwa na maiti, mama aliyeachwa afe kwa uchungu, mhamaji aliyesemwa hatibiki, msichana aliyerudi na mtoto wa mtekaji wake. Kisha, wengi wao hawakuridhika na kumhurumia mtu huyo tu. Walijenga kitu ambacho kingeweza kuendelea bila wao: shule ya wakunga, utaratibu wa dawa, cherehani, tanuri la mikate. Risasi ziliweza kumwua Leonella, lakini hazikuweza kuufuta ujuzi uliokuwa umekwisha kuingia katika vichwa vya wauguzi 34.

Si kila mtu ameitwa kuvaa shela ya utawa au kuhamia jangwani. Mfanyakazi wa mjini ana kodi ya nyumba, ana ada za watoto, ana wazee kijijini. Hata hivyo, wasiohesabiwa hawako Borama na Dungu peke yake. Katika nyumba ya kupanga, chumba cha tatu, yupo jirani anayekohoa kwa wiki nyingi na kujificha kwa aibu. Mtu wa kumsindikiza kituo cha afya akapimwe, na wa kumkumbusha asiache dawa kabla ya kuzimaliza, si lazima awe daktari. Yupo binti aliyefukuzwa nyumbani kwa kuwa amepata mimba, naye anahitaji mlango mmoja usiofungwa na ufundi wa kumlisha mwanawe. Yupo mama mjamzito ambaye mumewe anaona gharama ya kwenda hospitali ni kubwa.

Na ikiwa katika nyumba yenu yumo kijana wa kike au wa kiume anayesema kwamba anataka kuwa muuguzi, wazazi wasikimbilie kumwambia kwamba kazi hiyo ina mshahara mdogo na usiku mrefu. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini waulizeni kwanza majirani zenu, katika zamu ya usiku ile walipoletewa mtoto wao akiwa hai, ni nani aliyekuwa macho.